Nchi ya Mita za Mraba Kumi na Nne

Jumamosi ya pili ya muhula, saa nane mchana, Mpima alikuwa anakata vitunguu katika jiko la ghorofa ya tatu la bweni la wanafunzi wa kigeni pale nchi ilipokuja. Ilianzia chini ya miguu yake. Vigae vyeupe vilififia kimoja baada ya kingine, vikawa udongo mwekundu uliofagiliwa asubuhi, wenye michirizi ya ufagio na alama za miguu ya kuku. Ikafuata harufu, ikafuata sauti ya redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo, kisha simu yake iliyokuwa juu ya friji ikalia kumjulisha kwamba amerudi kwenye mtandao wa kwao na kwamba amezawadiwa dakika tano za bure. Mpima alimaliza vitunguu kwanza, kwa sababu kitunguu kilichoachwa nusu kinaendelea kumliza mtu bila faida. Halafu akavua viatu, akazitumia zile dakika tano kumpigia bibi yake.

"Uko wapi wewe? Mbona nakusikia karibu hivi?" bibi aliuliza.

"Niko jikoni, bibi. Nchi imekuja."

"Imekuja yote?"

"Hapana. Kipande."

"Basi usiimwagie maji ya moto," bibi alisema. "Ina wenyewe."

Mpima halikuwa jina la kuzaliwa la binti huyu. Alipewa na wenzake wa ghorofa hiyo katika wiki ya kwanza, baada ya kupima kitanda chake, kukikuta kimepungua sentimita nne kuliko ilivyoandikwa kwenye mkataba wa bweni, na kumwandikia msimamizi barua yenye mchoro. Alikuwa amekuja kusomea upimaji wa ardhi kwa mwaka mmoja. Kwao alikuwa ameshafanya kibarua miaka miwili katika ofisi ya ardhi ya wilaya, akimbebea mpima mkuu stendi ya miguu mitatu kutoka kiwanja hadi kiwanja, na mkuu huyo alimwahidi kwamba akirudi na cheti, kiti cha mpima msaidizi ni chake. Kiti chenyewe kilikuwa cha raia tu. Hapo ndipo mambo yalipokwamia.

Mpima alisafiri kwa hati ya kijivu, na kwenye mstari wa uraia hati hiyo ilisema: Haujathibitishwa. Babu yake alivuka mpaka akiwa na miaka kumi na tisa, akifuata kazi kwenye shamba la kampuni, wakati mpaka wenyewe ulikuwa ni mto, na mto ule ulikuwa na mazoea ya kuhama kila mafuriko. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu alipewa jembe siku ileile aliyofika, akalima nalo miaka arobaini, akafa, na ofisi ya uraia bado ilikuwa inamhesabu yuko kwenye zile siku mbili za mwanzo. Baba yake Mpima alizaliwa palepale shambani, akaomba uraia mara mbili. Mpima naye alizaliwa palepale, akaomba mara moja. Wote walijibiwa sentensi moja, tena kwa mashine ileile ya chapa iliyokuwa na kasoro kwenye herufi ya H: ushahidi wa uhusiano na nchi hautoshi.

Kwa hiyo tangu shule ya msingi, akiulizwa wa wapi, Mpima alizoea kutaja shamba, namba ya kambi, na mstari wa nyumba. Aliyemwuliza alikuwa anaelewa, na kuelewa huko kulionekana usoni mwake. Huku ugenini mambo yalikuwa tofauti. Siku tatu kabla nchi haijaja, mkutubi wa chuo alimwuliza anatoka wapi. Akataja shamba. Mkutubi akangoja na kalamu yake. Akataja kambi. Mkutubi akazidi kungoja. Basi Mpima akataja jina la nchi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeazima mwavuli wa jirani asiyemzoea, na mkutubi akaliandika kwenye kadi bila kuuliza ushahidi, akamwelekeza vitabu vya upimaji viko rafu gani. Mpima alitoka akakaa kwenye ngazi za maktaba, akaisoma ile kadi mbele na nyuma. Alifurahi mno, hata akasahau kuazima kitabu.

Wa kwanza kuikuta nchi jikoni alikuwa Dozi, msichana wa bondeni aliyesomea famasia, ambaye hakuweza kusikia mtu akipiga chafya bila kumpa maelekezo ya kutwa mara tatu. Alisimama mlangoni na sufuria yake, akatazama chini.

"Hapa ni kwetu," alisema. "Nyuma ya shule ya msingi. Ule ukuta tuliuchora sisi."

"Vua viatu," Mpima akamwambia.

Wa pili alikuwa Mwenyekiti. Huyu alikuwa mtu wa milimani, mwaka wa tisa katika shahada ya uzamivu juu ya magonjwa ya viazi, na aliongoza chama cha wanafunzi wa nchi yao kwa sababu kila aliyetaka kumpinga alihitimu akaondoka. Aliinama, akachukua udongo kidogo, akaunusa.

"Bondeni hakuna udongo wa namna hii," alisema. "Bondeni mna matope tu."

"Na nyinyi milimani mna nini? Mawe na ubahili," Dozi akajibu.

Huko kwao, Dozi hakuwahi kukaa meza moja na mtu wa milimani. Aliambiwa tangu utotoni kwamba watu hao huhesabu punje za mchele kabla ya kupika na baada ya kula. Mwenyekiti naye aliambiwa kwamba watu wa bondeni hulala mpaka jogoo achoke kuwaamsha. Hakuna kati yao aliyewahi kujiita mwananchi. Hilo lilikuwa neno la hotuba na mabango. Iliwabidi wapande ndege, wafike mahali ambapo hakuna anayejua bonde liko wapi wala mlima uko wapi, na waulizwe na msimamizi wa bweni kama wao ni watu wa nchi moja. Wote wawili walijibu ndiyo kwa wakati mmoja. Hilo ndilo jambo pekee lililowashangaza mwaka ule.

Ili kukata mzizi wa fitina, Mpima alileta kifaa cha setilaiti alichoazima idarani, akakisimamisha katikati ya jiko. Namba zilisema wako bondeni, hatua thelathini kutoka shule ya msingi. Dozi akacheka mpaka akashikilia sinki. Lakini kesho yake namba zilisema wako milimani, kwenye njia iendayo mnadani, na kweli ubaridi ulikuwepo na ukungu ulizunguka miguu ya meza. Mwenyekiti akavaa sweta lake kwa fahari. Jumatatu ikawa kando ya ziwa. Jumanne ikawa mji mkuu, mbele ya duka la vipuri, na ikabidi wapaze sauti ili wasikilizane. Nchi ilikuwa inakuja kwa zamu, wilaya baada ya wilaya, na kila mara Mpima alipoipima kwa tepu ilikuwa na ukubwa uleule: mita za mraba kumi na nne, zinazotosha watu ishirini wakikaa kwa kubanana na kuvumiliana.

Na ishirini walikuja. Walitoka vyuo vya mji mzima, wengine kwa treni ya saa nzima, wakiwa na vikombe vyao. Orodha ya zamu ilibandikwa kwenye friji, na mtu ambaye wilaya yake ilitarajiwa kesho alikuwa halali vizuri. Siku moja shangazi yake Dozi alipita na ndoo ya maji kichwani, kati ya friji na sinki, akasema, "Hamjambo wanangu," akamkumbusha Dozi kwamba alichukua sweta la watu na hajalirudisha, akaendelea na safari yake. Siku nyingine, saa tisa alasiri, ambayo kwao ilikuwa saa kumi na mbili jioni, umeme ulikatika. Ulikatika jikoni mle peke yake. Korido yote ilibaki inawaka. Watu ishirini walikaa gizani wakipiga soga na kusimuliana umeme ulivyokatika siku ya mitihani, siku ya harusi ya kaka, siku ya fainali. Uliporudi walipiga kelele ya furaha ileile wanayoipiga watoto wa nchi nzima, milimani na bondeni, kwa sauti moja na kwa sekunde moja, na majirani wa korido wakadhani kuna aliyefunga bao.

Msimamizi wa bweni alipanda juu na kitabu cha kanuni. Alikuwa mama wa makamo mwenye goti bovu, mpenda haki. Alisoma kanuni za wanyama wa kufugwa, akasoma za mishumaa, hakupata kifungu kinachozungumzia nchi. Basi aliamua kwamba nchi inaruhusiwa mradi udongo usipande ngazi. Baadaye akaanza kuja mwenyewe kila Alhamisi mchana, akiweka kiti mahali penye jua la huko, amelinyosha goti lake, macho ameyafumba. Alisema jua la kwao yeye halifiki ndani ya mfupa.

Kila aliyeingia jikoni alimpa mkono Mpima kwanza, kama apewavyo mkono mwenye nyumba. Mwanzoni alikuwa anajibana kando ya jiko la umeme ili asiwazibe wengine. Baada ya wiki chache aliacha kujibana. Alianza kubishana nao juu ya timu ya taifa, akamwambia Mwenyekiti kwamba watu wa milimani hawajui kupika chai, akaimba wimbo wa shule ambao kumbe kila mmoja aliimba shuleni kwake akidhani ni wa shule yake tu. Jioni moja alisikia mdomo wake unasema "kwetu sisi", na hakuna aliyegeuka kumtazama. Mpima alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo akiwa kwao, na alijua hivyo, na hakuona sababu ya kuificha.

"Omba tena," Mwenyekiti alimwambia. "Wanataka ushahidi wa uhusiano na nchi. Ushahidi gani utakaozidi huu?"

"Wataniambia nithibitishe."

"Si wewe ni mpima? Ipime."

Basi aliipima kama inavyotakiwa. Alisimika bikoni nne, vile vigingi vya mpaka, kwenye pembe za udongo, akachukua vipimo asubuhi, mchana na alasiri, akachora ramani kwa kipimo cha moja kwa ishirini, ikionyesha mipaka, friji, sinki, meza, jiko la umeme na mwelekeo wa kaskazini. Ilimchukua wiki mbili. Mhadhiri wake, mtu aliyejulikana kwa kurudisha kazi za watu, aliikagua kwa kioo cha kukuzia, akauliza tu kwa nini hakuandika tarehe, akatia saini. Mpima mwenyewe hakuwahi kuchora ramani nzuri kama ile.

Dozi aliitazama ikiwa imetandazwa mezani. "Na wewe uko wapi hapa?"

"Mpima hachorwi," Mpima akasema.

Ndivyo alivyofundishwa, kwao na huku. Ramani huonyesha ardhi. Aliyeipima, na mahali alipokanyaga alipokuwa anaipima, havionyeshwi. Hata mpima mkuu wa wilaya, aliyepima mji mzima, hakuwa na alama yake popote mjini humo, na alijivunia hilo. Mpima aliikunja ramani, akaiambatisha kwenye fomu ya maombi, akaipeleka ubalozini.

Ubalozi ambao kwa kawaida ulichukua miezi minne kujibu salamu ulijibu baada ya siku tisa. Alikuja ofisa, mwanamume mtaratibu mwenye suti ya kahawia na begi la mihuri. Alizunguka jiko lote akilinganisha ramani na ardhi, akazigusa bikoni zote nne kwa kidole. Ilikuwa zamu ya wilaya ya kusini siku hiyo, na mbuzi alikuwa amefungwa karibu na kabati la vyombo. Ofisa alimpisha.

"Hii ni kazi safi," alisema. "Haina kasoro hata moja. Serikali inaipokea."

Wote wakapiga makofi. Mwenyekiti alitoa hotuba fupi, ya kwanza fupi katika miaka tisa.

Jumamosi iliyofuata ofisa alirudi na meza ya kukunjwa, bendera ndogo yenye kitako, na tangazo alilolibandika mlangoni. Tangazo lilisema kwamba eneo lililomo katika ramani iliyoambatishwa sasa ni ardhi ya nchi, na kwamba wataingia humo raia wenye pasi halali ya kusafiria, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Wanafunzi walijipanga kwenye korido, wakacheka, wakapigiana picha. Walikuwa hawajawahi kufurahia foleni. Ofisa aligonga muhuri pasi moja baada ya nyingine. Mpima, aliyekuwa jikoni tangu asubuhi akipika wali wa watu ishirini, aliombwa atoke kwanza ili aingie kwa utaratibu kama wengine. Alijipanga. Zamu yake ilipofika, akatoa hati ya kijivu.

"Wewe ombi lako linashughulikiwa," ofisa alisema kwa upole. "Utasubiri nje."

"Lakini ramani ni yangu."

"Ramani imekubaliwa."

"Mimi ndiye niliyeipima hii ardhi."

Ofisa aliifungua ramani, akaikagua pembe zote nne, na kwa haki kabisa alitafuta vizuri. "Sikuoni humu," alisema.

Asiyekuwapo na lake halipo. Mpima alisimama kidogo mlangoni. Iliuma, na hakujifanya haijauma. Alifuta macho kwa ukanda wa aproni. Kisha, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa siku yake ya kufua na ndoo ya nguo ilikuwa hapo koridoni, aliibeba akashuka nayo hadi chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo. Nchi ikaondoka ikamfuata. Udongo ulichomoka chini ya meza ya ofisa taratibu, kama mkeka unaovutwa ukakung'utwe, ukapita kizingiti, ukashuka ngazi bila kuacha hata chembe, na kanuni ya msimamizi haikuvunjwa.

Ofisa alibaki juu ya vigae vyeupe. Alivitazama vigae, akaitazama ramani. Ramani ilikuwa sahihi. Akaita, "Anayefuata."

Wale walioshaingia walisimama jikoni kwa dakika chache, kwa heshima ya muhuri. Halafu mmoja akakumbuka ana soksi za kufua. Mwingine akasema anamsindikiza. Kufikia saa tisa wote walikuwa chini, pamoja na sufuria ya wali, na wakakubaliana kwamba chumba cha kufulia ni bora mara mbili: mashine zilitoa joto, na nguo zilizotundikwa kukauka kwenye jua la kwao zilinukia hivyo wiki nzima darasani. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kando ya ziwa, na waliimba mpaka sauti zikakauka.

Ofisa alikuja kila Jumamosi, majuma kumi na moja mfululizo. Alikunjua meza saa nane kamili, akasimamisha bendera, akakaa katikati ya ardhi ya nchi yake akiwa amevaa koti, maana dirisha la jikoni lilikuwa halifungi. Hakuingia mtu. Mwenyekiti alimpelekea chai, akamweleza kwamba nchi iko chini, mlango wa pili baada ya boila la maji ya moto. Ofisa alishukuru kwa chai. Alisema yeye hana mamlaka ya kuitambua nchi iliyo nje ya ramani, na kwamba ombi la yule binti ameliandikia mwenyewe maelezo mazuri na kulituma makao makuu. Hilo lilikuwa kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa ofisi.

Mpima alifanya mitihani yake akafaulu yote. Mhadhiri alimpa alama ambayo hakuwa ameitoa kwa miaka sita. Zikabaki wiki mbili za kukaa kwake kihalali katika nchi ile ya ugenini, na kule wilayani mkuu wa ofisi ya ardhi alituma ujumbe kwamba kiti bado kipo, ila asikawie. Bibi alipiga simu kila siku kuuliza kama barua imekuja, na kila siku alisema hakupiga kwa ajili ya barua.

Ilikuja Jumamosi. Ofisa alitakiwa kumkabidhi mhusika mkononi, tena kwenye ardhi ya nchi, lakini mhusika haruhusiwi kukanyaga jikoni. Alilifikiria hilo kwa muda. Mwishowe alikunja bendera, akashuka ngazi na begi lake, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia.

"Hodi."

"Karibu," Mpima akasema.

Alifungua bahasha palepale, akasoma kwa sauti kwa sababu wote ishirini walikuwa wanamtazama. Barua ilisema kwamba ombi limekataliwa. Ilisema kwamba kipande cha nchi kilichotajwa na mwombaji kimehakikiwa na kukutwa jikoni, na kwamba mwombaji hakukutwa hapo. Kwa hiyo ushahidi wa uhusiano na nchi hautoshi. Mwombaji anaweza kuingia nchini kama mgeni, kwa siku tisini. Herufi ya H bado ilikuwa na kasoro.

Dozi alikaa chini juu ya rundo la nguo. Mwenyekiti alivua miwani.

"Wanasema mkataa kwao ni mtumwa," alisema. "Lakini wahenga wenyewe hawakusema lolote kuhusu mtu aliye kwao akakataliwa."

Mpima aliikunja barua mara nne. Alikuwa anafikiria kile kiti, na jinsi atakavyomwambia bibi. Hakutoa machozi safari hii. Aliiweka barua juu ya mashine ya kufulia, na alipogeuka alimkuta ofisa ameinamisha kichwa anatazama ardhi.

Siku hiyo hakuna aliyejua ni zamu ya wapi. Ofisa alijua. Kati ya mashine ya tatu na ya nne palikuwa na geti la bati lililopakwa rangi ya buluu nusu, kwa sababu rangi iliishia hapo miaka kumi na miwili nyuma na aliyekuwa anapaka alikuwa yeye. Nyuma ya geti kulikuwa na uwanja, kamba ya nguo, nyumba yenye upenu mpana, na wingu zito. Mama mmoja mnene alitoka ndani upesi ili aanue nguo kabla hazijalowa.

"Shikamoo, mama," ofisa alisema.

"Marahaba. Mbona hukusema kama unakuja?"

"Nimekuja kikazi."

"Miaka minne haji, akija anakuja kikazi," mama alisema, akiwaambia wale wanafunzi. Aliwapokea kwa macho wote ishirini bila kuuliza, kisha macho yakasimama kwa Mpima, aliyekuwa karibu naye zaidi. "Na huyu binti ni nani?"

"Ni mwombaji."

"Anaomba nini?"

"Uraia."

"Wa wapi?"

"Wa hapa."

Mama alitazama chini. Mpima alikuwa pekupeku, na vidole vyake vilikuwa vimeingia kidogo kwenye udongo wa ule uwanja.

"Si yuko hapa?"

"Yuko."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna utaratibu, mama. Ombi limekataliwa."

"Limekataliwa na nani?"

Ofisa alishika begi lake kwa mikono miwili. Mama hakungoja jibu. Alikuwa na mashuka kwenye kamba na mvua ilikuwa inanukia. Alimkabidhi Mpima ncha mbili za shuka, naye akashika mbili. Walilinyosha, wakalikung'uta, wakakutana katikati, wakaachana, wakakutana tena, mpaka likawa mraba ulio sawa pande zote. Mama alisema ni siku nyingi hajakunja shuka na mtu anayejua kushika pembe. Mpima alicheka kwa sauti, kicheko kilichomtoka tumboni, na wenzake wakaanza kucheka pia. Dozi akaenda kuanua mito. Mwenyekiti akapewa beseni alibebe, pamoja na uzamivu wake wote.

"Haya, ingieni ndani," mama alisema. "Na wewe, mwanangu, kwanza. Umeshika nguo."

"Mama, yeye haingii hivihivi," ofisa alisema. "Hawa wengine nimeshawagongea. Yeye lazima aingie kama mgeni. Kuna fomu."

"Jaza basi, mvua inakuja."

Ofisa alifungua begi juu ya mashine ya pili, akatoa fomu ya mgeni, akaanza kujaza kwa mwandiko wake mzuri. Aliandika jina la mgeni. Kwenye nafasi ya mwenyeji aliandika jina la mama yake. Kwenye nafasi iliyofuata akasita.

"Mama," aliita, "hapa wanataka uhusiano. Niandike nini?"

Mama alikuwa ameshafika upenuni, ameshika mkono wa Mpima ili asiteleze. "Andika mwanangu," alisema bila kugeuka.

Kanuni zilisema maelezo ya mwenyeji yaandikwe kama alivyoyatoa. Ofisa akaandika. Kwenye nafasi ya muda wa kukaa aliandika: hadi mvua itakapokatika. Akagonga muhuri. Ilikuwa ni masika, na mvua ya huko, kama ajuavyo kila mtu wa milimani na wa bondeni, ikishaanza huwa imesahau njia ya kuondokea.

Ikaanza. Ndani walisikika wakigombania viti, mama akimwuliza Mpima kama atalala chumba cha mbele au cha nyuma, na Mpima akimwambia bibi yake kwenye simu kwamba wamemkataa, ndiyo, wamemkataa tena, na kwamba amekaa vizuri, na kwamba chai imeshawekwa maziwa. Ofisa alisimama upenuni na begi lake, mtu wa nyumba ile, akisubiri mvua ikatike ili aandike saa aliyoondoka mgeni.